Stelingi Aliyepigwa Risasi Mgongoni

Shangazi: Shikamoo Baba, na wengine wote habari za asubuhi. Jana usiku tulitazama The Cowboys, filamu ya John Wayne ya mwaka 1972, na mwanangu wa mwisho akaenda kulala bila kugusa chakula. Tangu akiwa mdogo tumemwambia kwamba stelingi hafi, na sasa amemwona mzee yule akiuawa huku filamu ikiwa bado inaendelea. Anauliza kwa nini tulimdanganya.

Babu: Marahaba binti yangu. Mwambie mjukuu wangu kwamba hatukumdanganya, kwa maana John Wayne alicheza filamu zaidi ya 150 na zile alizokufa ndani yake ni chache sana. Ila atazame vizuri namna anavyokufa. Mzee Wil Andersen, ambaye vibarua wake walimkimbia kufuata dhahabu hadi akalazimika kuajiri watoto wa shule wamsaidie kuswaga ng'ombe, anapigana ngumi na yule jambazi wa nywele ndefu aliyechezwa na Bruce Dern, anamshinda mbele ya watoto, kisha anampa mgongo na kuondoka. Hapo ndipo anapopigwa risasi. Sajini Stryker, ambaye Wayne huyohuyo alimcheza katika filamu ya vita ya Sands of Iwo Jima (1949), naye alidunguliwa mgongoni, mapigano yakiwa yametulia na yeye akitaka kuvuta sigara.

Binamu: Shikamoo Babu. Mimi naona kufa hivyo kunampunguzia shujaa heshima yake. Afadhali The Alamo ya mwaka 1960, ambayo Wayne aliiongoza mwenyewe, ambamo yeye akiwa Davy Crockett anachomwa mkuki kifuani na bado anajikokota na mwenge mkononi hadi kwenye ghala la baruti, akalilipua.

Babu: Marahaba. Kifo hicho kinapendeza macho, lakini hakijapata kuniumiza. Aliyempiga Andersen mgongoni alikwisha kujua kwamba uso kwa uso hamwezi, na watoto wale walijua pia. Ndiyo maana walizirudisha ng'ombe, wakaziuza, na kutoka katika fedha hizo wakamchongea jiwe la kaburi lililomtaja kuwa mume na baba mpendwa.

Shangazi: Kwangu kinachouma zaidi ni barua ya Stryker. Askari wake wanaikuta mfukoni, ameanza kumwandikia mwanawe ambaye hawaonani, na hakuimaliza. Inasomwa kwa sauti, kisha kijana aliyekuwa akimchukia anaahidi kuimalizia.

Baba Mdogo: Shikamoo Baba. Mmeisahau The Shootist ya mwaka 1976, filamu yake ya mwisho. J. B. Books anafika Carson City mwaka 1901, daktari, ambaye ni James Stewart, anamthibitishia kwamba ana saratani, naye anachagua kufia baa mbele ya maadui zake badala ya kufia kitandani kwa maumivu. Anawaangusha wote, halafu mhudumu wa baa anamfyatulia bunduki kwa nyuma. Kijana aliyechezwa na Ron Howard anaiokota bastola ya Books, anamwua mhudumu, anaitazama ile silaha mkononi mwake, na kuitupa mbali. Books anatikisa kichwa kidogo kukubali, ndipo anakata roho. Nimeitazama mara nyingi, na kila mara nasubiri kile kichwa.

Binamu: Nilisikia kwamba wakati huo Wayne mwenyewe alikuwa anakufa kwa ugonjwa huohuo.

Baba Mdogo: Watu husema hivyo, lakini sivyo. Saratani ya mapafu ilimpata mwaka 1964 akaondolewa pafu moja, akaishi na kufanya kazi miaka mingi. Ile ya tumbo iligunduliwa Januari 1979, akafariki Juni 11 mwaka huo. Alipomcheza Books alikuwa mtu aliyeujua ugonjwa huo, na nadhani ndiyo maana katika onyesho la kwa daktari hakulia wala kupaza sauti.

Babu: Umesema kweli, mwanangu. Lakini hiyo msimwonyeshe mtoto sasa. Mtafutieni Hatari! ya mwaka 1962, iliyopigwa hapahapa kwetu Tanganyika, ambamo John Wayne anakamata wanyama wa kupeleka kwenye bustani za wanyama. Kifaru anawashambulia tangu mwanzo, lakini stelingi anafika mwisho akiwa mzima, tena anaoa.

Shangazi: Ahsante Baba. Nitamwonyesha Jumamosi. Amekunywa chai na amekula chapati mbili, ila bado anataka kujua ni nani aliyelichonga lile jiwe.