Mpango wa daktari kwa video: gumzo la majirani wa Albury na Wodonga, Australia

Jumanne

Mama Neema, 19:42
Hamjambo wote. Naomba niulize jambo ambalo nimelibeba tangu wiki iliyopita. Usiku silali, nikijitahidi napata saa mbili au tatu, kisha naamka moyo unaenda mbio kana kwamba mtu amegonga mlango. Mwalimu wangu wa Kiingereza alinishauri nitafute mpango wa matibabu ya afya ya akili, akasema kwamba nikishaupata, Medicare, ile bima ya afya ya serikali, itanisaidia kumlipa mwanasaikolojia. Nikaona tangazo la kliniki ya mtandaoni, nikalipia, nikazungumza na daktari kwa video kama robo saa, na mwishoni akaniambia kwamba hawezi kuniandikia mpango huo kwa Medicare kwa kuwa yeye si daktari wangu wa kawaida. Pesa haikurudi. Je, nimekosea wapi?

Zuhura (muuguzi), 19:58
Pole sana, Mama Neema. Hukukosea, utaratibu ndio uliobadilika, na hao walipaswa kukueleza kabla ya kupokea pesa yako. Zamani daktari yeyote, hata yule ambaye hujawahi kuonana naye maishani, aliweza kukuandikia mpango huo kwa video. Tangu tarehe 1 Novemba 2025, Medicare huulipia tu ukiandikwa na daktari wako wa kawaida, au na daktari wa kliniki ambayo umejiandikisha kwayo kupitia MyMedicare, yaani uandikishaji wa Medicare wa kuitambua kliniki yako ya kawaida. Video yenyewe haikufutwa. Kwa hiyo piga simu kwenye kliniki unayoenda siku zote, uombe miadi mirefu ya video kwa ajili ya mpango wa afya ya akili. Taja urefu, tafadhali, kwa sababu usipoutaja watakupangia dakika kumi na tano, na katika dakika hizo daktari hata kukusikiliza hatamaliza. Dakika ishirini ndicho kima cha chini, na arubaini ni bora zaidi.

Mzee Bahati, 20:05
Samahani wanangu, jina lenyewe linanitia hofu. Kwetu mtu akiandikiwa karatasi ya akili, watu wanasema amepata wazimu, na watoto wake wanakosa wa kuwaoa.

Baba Furaha, 20:31
Mzee wangu, nilikuwa na hofu hiyo hiyo, na kwa kuwa Mama Neema ameanza kusema waziwazi, acha na mimi niseme.

Mwaka 2024 nilipata mpango huo nikiwa ndani ya gari, kwenye maegesho ya kiwanda cha nyama, baada ya zamu ya asubuhi. Nyumbani kuna watoto watano na kuta ni nyembamba, kwa hiyo niliegemeza simu kwenye usukani, nikafunga vioo, na daktari akatokea akiwa na kikombe chake cha chai mkononi. Mkalimani aliunganishwa kwa simu, tukamsikia sauti bila kumwona. Daktari akaanza kuniuliza maswali kumi ambayo wenyewe wanayaita K10. Kila swali linahusu majuma manne yaliyopita: ni mara ngapi ulichoka bila sababu, ni mara ngapi ulikata tamaa, ni mara ngapi ulishindwa kutulia mahali pamoja, na mengine ya namna hiyo. Kila jibu lina alama moja hadi tano, kwa hiyo jumla huanzia 10 na kuishia 50.

Swali moja lilinishinda. Mkalimani, ambaye kwa lafudhi yake nadhani alikuwa Mtanzania, aliniuliza ni mara ngapi nilipata sonona. Mimi neno hilo sikuwahi kulisikia kwetu Uvira, Kongo, wala kambini, nikadhani ni maradhi ya kifua, nikajibu kwa uhakika kabisa kwamba sijawahi kuugua ugonjwa huo. Daktari akaandika. Bahati nzuri mkalimani alishtuka, akamwomba daktari ruhusa ya kulieleza upya, akasema, "Yaani kuwa na mawazo mazito, moyo umelemewa, hata jambo zuri halikufurahishi." Nikanyamaza. Kisha nikamwambia kwamba ni kila siku, tangu tulipomzika mdogo wangu kwa simu. Nasema kwa simu kwa sababu mazishi yalikuwa kule na sisi tulitazama kwenye WhatsApp. Alama zangu zilifika 34.

Mama Salma, 20:36
Pole Baba Furaha. Hatukujua. Sisi Mombasa pia twasema mtu "ana mawazo", na kila mtu huelewa pasipo kuuliza zaidi.

Zuhura, 20:44
Ahsante kwa kulisema hilo la sonona, maana ni neno la kwetu la vitabuni na la hospitalini, na tusitarajie kila mtu alijue. Ninyi semeni kwa maneno yenu. Ukisema "nina mawazo mengi" na mkalimani akaliacha hivyo hivyo tu, daktari atadhani unafikiria bili ya umeme. Basi ongeza mwili unafanyaje: hulali, huli, unalia ukiwa bafuni, mikono inatetemeka. Hayo hayapotei katika tafsiri.

Mzee Bahati, 20:47
Na hiyo karatasi inaandikwa nini?

Baba Furaha, 20:55
Yangu ilikuwa kurasa mbili, Mzee. Ina jina la tatizo, mambo ninayotaka yabadilike, watu nitakaowapigia hali ikizidi, na barua ya rufaa kwa mwanasaikolojia. Daktari aliniuliza lengo langu ni lipi, nikasema nataka kulala saa sita na kurudi kwenye kwaya, naye akaandika hivyo hivyo, kwaya na yote. Alinitumia nakala. Msimamizi wangu kazini hajui mpaka leo. Sasa ninyi mmejua, na liishie humu.

Amani, 21:02
Shikamooni. Nilisikia kwamba Medicare hulipia mara ishirini kwa mwaka, ni kweli?

Zuhura, 21:10
Marahaba. Hiyo ilikuwa wakati wa korona, na iliisha tarehe 31 Desemba 2022. Sasa ni mara kumi katika mwaka wa kalenda, yaani Januari hadi Desemba. Daktari hukupeleka kwanza kwa vikao visivyozidi sita. Baada ya hapo unarudi kwake, anakuuliza unaendeleaje, na akiona inafaa anakupa rufaa ya vinne vilivyobaki. Vikao hivyo vinaweza kuwa vya video pia.

Sasa kuhusu pesa, ambako wengi huumia. Mpango si malipo ya matibabu yote. Kwa viwango vya Julai 2025, kwa kikao kamili cha mwanasaikolojia wa kliniki Medicare inarudisha kiasi cha dola 145, na kwa mwanasaikolojia wa kawaida kiasi cha dola 99, ilhali wengi wanatoza zaidi ya dola 200. Tofauti unailipa wewe. Wapo wanaopokea kile cha Medicare peke yake bila kukuongezea chochote, ila ni wachache na foleni yao ni ndefu. Uliza kabla ya kuweka miadi, bila haya: nitabaki kulipa kiasi gani mfukoni? Uliza pia kama watapata mkalimani, na nani atamlipa, kwa sababu huko si lazima mambo yawe kama kwa daktari.

Mama Neema, 21:18
Kwa daktari wangu huwa anatafsiri Neema, na ana miaka kumi na minne. Haya mambo ya usiku sitaki ayasikie.

Zuhura, 21:21
Na asiyasikie kabisa. Waambie mapokezi unataka mkalimani wa Kiswahili kutoka TIS, huduma ya serikali ya wakalimani kwa simu. Namba yao ni 131 450, wanapatikana saa 24, na kwa daktari wa familia mgonjwa wa Medicare halipi kitu.

Mama Neema, 21:23
Lakini sisi hapa tunajuana wote. Je, mkalimani akiwa ni mtu wa kanisani?

Baba Furaha, 21:27
Mimi niliomba atoke jimbo jingine, na daktari akakubali kutolitaja jina langu wakati mkalimani yuko kwenye simu. Wakalimani pia wanabanwa na maadili ya kutunza siri. Ukitaka mwanamke, sema mapema.

Zuhura, 21:30
Mama Neema, nakupigia sasa hivi, tafadhali pokea.

Zuhura, 22:04
Tumezungumza, na kwa ruhusa yake naweza kusema yuko salama. Ila kwa wengine wanaosoma kimya kimya: mpango ni kwa mtu anayeweza kusubiri siku kadhaa. Mtu akiwa na wazo la kujidhuru asingoje miadi ya video. Apige 000 ya dharura, au Lifeline, simu ya msaada kwa walio katika dhiki, kwa 13 11 14, usiku au mchana, au anigongee mlango mimi.

Jumatano

Mzee Bahati, 07:15
Nimelala nikiwaza maneno yenu. Nina swali la mwisho. Sisi tulioona vita, je, ni lazima tupitie njia hiyo hiyo?

Zuhura, 07:40
Si lazima, Mzee. Kuna mashirika ya watu waliopitia vita na mateso: upande wa Victoria ni Foundation House, na upande wa New South Wales ni STARTTS. Hawatozi malipo na hawadai mpango wa daktari. Mto ukiwa katikati yetu hivi, Albury iko New South Wales na Wodonga iko Victoria, basi angalia tu anwani yako iko jimbo gani. Nitakuja Jumamosi tupige simu pamoja.

Mzee Bahati, 07:44
Njoo mapema, kabla sijaenda bustanini.

Mama Salma, 07:52
Na wenye vijana wa miaka 12 hadi 25, headspace, kituo cha afya ya akili cha vijana, kipo hapa hapa mjini. Mpwa wangu alikwenda, akarudi akicheka, jambo ambalo hatukuwa tumeliona tangu Ramadhani.

Mama Neema, 12:20
Nimepiga simu kliniki. Nilisema "miadi mirefu" mara tatu, dada wa mapokezi akacheka, akasema amenisikia. Ni kesho Alhamisi, saa kumi na dakika ishirini alasiri, kwa video, na mkalimani mwanamke kutoka Brisbane. Shida iliyobaki ni mahali. Saa hiyo watoto wote wametoka shule, na gari mimi sina.

Mama Salma, 12:26
Njoo kwangu. Chumba cha nyuma kina mlango unaofungika na intaneti inafika vizuri, bora ukae upande wa dirisha. Watoto nitawachukua shuleni mimi, wale mahamri kwangu jikoni. Nikiwa bado sijarudi, ufunguo utaukuta chini ya ndoo ya buluu.

Mama Neema, 12:31
Ndoo ipi? Pale nje zipo mbili.

Mama Salma, 12:32
Ile isiyo na mpini.