Nimealikwa kikao cha Rotary, niende na shilingi ngapi?

Swali
Wakuu, shikamooni. Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi. Mteja niliyemshonea suti ya harusi ya bintiye kanialika kikao cha klabu yao ya Rotary, Jumanne jioni. Nasikia kuna faini. Mke wangu naye anasema ni chama cha siri. Mnaojua, nisaidieni.

Jibu la 1
Siri gani, fundi! Rotary ni klabu ya watu wa kazi mbalimbali wanaojitolea kusaidia jamii. Ilianzia Chicago mwaka 1905, na mwanasheria Paul Harris. Walikuwa wakikutana kwa zamu kwenye ofisi zao, ndiyo asili ya jina: rotary kwa Kiingereza ni ya kuzunguka. Ada ni ya wanachama. Chakula, muulize aliyekualika nani analipa.

Jibu la 2
Mimi nauza vipuri, mwanachama mwaka wa sita. Faini ni utani: umechelewa, simu imelia, umepata mjukuu, toa elfu mbili watu wacheke. Hela inaingia mfukoni mwa klabu.

Kazi iko nje ya kikao. Tulipeleka tangi la lita 5,000 shule moja ya msingi, tukapiga picha, tukaondoka. Mvua ikanyesha, tangi kavu! Paa halikuwa na mifereji. Tulirudi Jumamosi mbili na ngazi, na safari hiyo hakuna aliyepiga picha.

Hudhuria mara tatu nne kwanza. Na kwa ufundi wako, sare za watoto zitakufuata tu.

Muulizaji
Kushona nitashona, kitambaa walete wao. Naenda na elfu kumi, na simu naizima.