Naomba ushauri: kitabu cha C na programu nyepesi kwa laptop ya RAM GB 4

Habari za leo wakuu. Najifunza lugha ya programu ya C mwenyewe, jioni baada ya kazi. Natumia kitabu cha Kernighan na Ritchie, toleo la pili la 1988. Ni kifupi na kizuri mno, ila kuna mahali umri wake unanikwamisha. Mfano, niliandika fanksheni yao ya getline herufi kwa herufi, GCC (programu inayogeuza msimbo wa C kuwa programu ya kuendeshwa) ikagoma: "conflicting types for 'getline'". Usiku mzima! Kumbe siku hizi jina hilo limo tayari ndani ya stdio.h (faili la fanksheni za kusoma na kuandika) kwenye Linux. Nilipoibadilisha kuwa soma_mstari, ikakubali.

Laptop yangu ni ya zamani. Kihariri cha msimbo cha VS Code kinaifanya iwe nzito, hasa kivinjari kikiwa wazi, hivyo nimehamia kihariri chepesi cha Geany. Kuandika sina shida, tatizo ni kusaka makosa: GDB (programu ya kusaka makosa) kwenye terminal bado inanichanganya, nimebaki kujaza printf kila mstari ili kuona thamani kwenye skrini.

Naombeni mnisaidie mawili. Kitabu gani chenye mazoezi kinafundisha C99 (kiwango cha C cha 1999) na kuendelea? Nina uwezo wa kununua kimoja tu. Na kuna programu gani nyepesi ya kuitumia GDB kwa madirisha na vitufe?

Natanguliza shukrani.