Filta ya kulinda lenzi inaniharibia picha? Naombeni ushauri

Kasese Picha
Habari zenu wakuu. Naomba msaada, hasa kwa mnaopiga harusi na wanyama.

Nina lenzi mbili. 24-70mm f/2.8 ni ya harusi, na 150-600mm, ile ndefu ya kuvuta vitu vya mbali, ni ya siku ninazopeleka wageni mbugani Queen Elizabeth, hapa Uganda. Hiyo ndefu niliipata kwa kujinyima miaka miwili. Siku naichukua, muuzaji aliniambia nisiiache wazi, nifunge filta ya UV, kile kioo bapa cha mbele ya lenzi kinachozuia miali ya urujuanimno. Nikanunua filta mbili za bei ya chini kabisa, nikazikaza, na tangu siku hiyo sijazifungua.

Jumamosi nilikuwa na harusi ya usiku, hema zima limetundikwa balbu. Nimefungua kazi kwenye kompyuta nakuta vidoti vya kijani vimejipanga kama shanga kwenye suti nyeusi ya bwana harusi. Picha zaidi ya arobaini! Bibi harusi ameona chache akaniuliza kama kamera yangu ni mbovu. Sijamjibu hadi sasa.

La pili ni simba wa Ishasha, kule kusini mwa mbuga, juu ya mkuyu. Gari limezimwa, shata 1/1000 ya sekunde, fokasi iko kwenye jicho, lakini manyoya yamelainika kama kioo kilichopakwa mafuta. Nimesafisha, hali ni ileile.

Tatizo ni filta? Na nikiitoa, lile vumbi la barabara ya Ishasha nitalikinga na nini?

Jicho la Arua
Pole ndugu yangu. Kabla ya kuilaumu filta, fungua picha moja ya hema na utafute katikati ya fremu. Chukua balbu iliyo juu kushoto, kisha angalia chini kulia, umbali uleule kutoka katikati. Kuna kidoti hapo?

Na huyo simba ulimpiga saa ngapi?

Kasese Picha
Nimeangalia sasa hivi. Juu kushoto kuna balbu saba na chini kulia kuna vidoti saba, vimepinduka. Kati ya balbu ya tatu na ya nne kuna moja iliyoungua, na pengo lake lipo hata kwenye vidoti!

Simba ilikuwa saa moja na nusu asubuhi.

Jicho la Arua
Basi kwenye harusi jibu umelipata, hiyo ni filta. Sensa ya kamera, ile sehemu ya ndani inayopokea picha, inang'aa kama kioo. Mwanga wa balbu unaingia, sehemu yake inadunda kwenye sensa na kurudi mbele, unakutana na filta ambayo ni kioo bapa, unarudishwa tena kwenye sensa, ila safari hii unaangukia upande wa pili wa katikati. Mchana huoni kitu kwa sababu hakuna tofauti kubwa ya mwanga na giza. Usiku, balbu kali na suti nyeusi, kila kidoti kinajitokeza.

Kioo kisichopakwa chochote kinaakisi takriban asilimia 4 ya mwanga kwa kila uso. Filta ina nyuso mbili, kwa hiyo karibu asilimia 8 haifiki inapotakiwa. Filta nzuri zenye tabaka kadhaa za utando wa kuzuia mwakisiko hushusha hiyo hadi chini ya nusu asilimia kwa kila uso. Bei inatofautiana kwa sababu hiyo hasa. Lakini hata iliyo nzuri, mbele ya balbu za usiku mimi naitoa.

Simba nilikuuliza saa kwa sababu mchana joto la ardhini linatikisa hewa na kulainisha picha ya mbali, na hapo hakuna filta ya kulaumu. Saa moja na nusu bado kuna ubaridi, kwa hiyo nashuku filta. Lenzi ndefu hukuza kila kasoro. Kioo ambacho hakikusuguliwa kikawa bapa sawasawa, kwenye 24mm hutajua, kwenye 600mm kitakuumbua.

Studio ya Zamani
Vijana, niongeze kidogo. Sisi tuliopiga filamu tulikuwa na sababu ya kufunga UV. Filamu iliiona miali ya UV, na ukipiga milima ya mbali picha ilikuja na ubuluu. Kamera za dijitali zina kioo chao mbele ya sensa kinachokata sehemu kubwa ya miali hiyo. Kwa hiyo mkiambiwa dukani kwamba UV itawasafishia ukungu wa Rwenzori, msikubali. Ukungu ule ni mvuke, na kiangazi ni moshi na vumbi. Amkeni alfajiri baada ya mvua, mtakiona kilele cha Margherita bila kununua chochote.

Dereva wa Masindi
Nawaheshimu, lakini siafiki kwamba filta ni za kutupa. Mimi napeleka watu Murchison Falls. Pale juu ya maporomoko, Nile inapopenya kwenye mwanya wa mita kama 7, yale manyunyu yanakulowesha ukiwa bado hujafika ukingoni. Mgeni mwenye filta anafuta na kuendelea. Asiye nayo anafuta lenzi ya mamilioni kwa pindo la shati, na lile shati limebeba vumbi jekundu la asubuhi nzima. Nimeona kwa macho yangu kioo kikichorwa duara za mikwaruzo hivyo.

Mwingine aliangusha kamera mlangoni mwa gari, filta ikavunjika vipande, lenzi ikapona. Nani atamwambia filta haina kazi?

Fundi wa Lenzi
Dereva, la manyunyu na vumbi nakuunga mkono kabisa. La kuanguka nakupinga kidogo, maana lenzi hizo zinakuja mezani kwangu. Kioo cha filta ni chembamba, kinavunjika kwa pigo ambalo kioo cha mbele cha lenzi, ambacho ni kinene, kingelivumilia. Kwa hiyo filta kuvunjika haina maana kwamba lenzi ingevunjika. Tena nimepokea lenzi ambazo kilichozikwaruza ni vipande vya filta yenyewe. Kinachookoa kwenye kuanguka ni hudi, ile kofia iliyo wazi inayochomoza mbele ya lenzi. Inapokea pigo kabla halijafika kwenye kioo, na inakata mwanga wa pembeni, kwa hiyo picha inanufaika. Watu wengi wanaiacha imegeuzwa nyuma ya lenzi siku nzima, jambo linaloniuma sana.

Kasese, mkwaruzo mdogo au chembe za vumbi kwenye kioo cha mbele hazionekani kwenye picha mpaka upige kuelekea jua. Usisafishe kwa wasiwasi. Puliza kwanza kwa pampu ya mpira, halafu brashi laini, na kitambaa kiwe cha mwisho.

Ila fanya jaribio kwa lenzi zako mwenyewe. Tripodi, saa ya kuchelewesha, kitu chenye maandishi madogo, mara tatu na filta na mara tatu bila.

Kasese Picha
Wakuu, nimefanya jana jioni. Niliegemeza gunia tupu la saruji ukutani, nikarudi nyuma hatua arobaini, 150-600 kwenye 600mm. Na filta, maandishi madogo ya chini yameungana, huwezi kusoma. Bila filta nimesoma mstari mzima hadi nukta ya mwisho. Nimerudia nikidhani nimekosea fokasi, imekuwa vilevile mara zote tatu.

24-70 sijaijaribu. Filta imegoma kufunguka, na naogopa kutumia nguvu.

Fundi wa Lenzi
Usiibane kwa vidole viwili, unaifanya duara iwe yai na meno yanazidi kushikana. Vaa glavu ya mpira ya jikoni, weka kiganja chote kwenye ukingo, kandamiza kidogo sana, zungusha kinyume cha saa.

Kasese Picha
Imetoka! Asante sana mzee. Nimepiga gunia lilelile mchana kwa 24-70, na filta na bila, sioni tofauti yoyote. Usiku kwa balbu ya barazani, kidoti cha kijani kipo na filta, bila filta hakipo.

Nimeamua hivi. Ya 150-600 haitarudi, itakuwa hudi tu na mfuko wa kitambaa tukiwa barabarani. Ya 24-70 nitatafuta moja yenye utando mzuri, ya vumbi na mvua, na jua likizama inaingia mfukoni. Bibi harusi nimempigia simu, nimemwambia kamera ni nzima ila nilisahau kutoa kioo cha mbele. Amenipa hadi Ijumaa. Leo nimefuta vidoti kwenye picha kumi na moja.