Peploe baada ya Paris: kivuli kinageuka matope, nakosea wapi?

Zabibu_Dom: Wakuu, napaka zabibu na birika jeupe kwa mtindo wa Samuel Peploe, yule mchoraji Mskoti, zile kazi zake baada ya kuhamia Paris 1910. Rangi ya mafuta juu ya hadibodi, dirisha la kaskazini kama wanavyoshauri. Nikifika kwenye kivuli, matope matupu. Shida brashi au rangi?

FundiRangi: Wala si brashi. Unataka Paris lakini unapaka Edinburgh, mji alikotoka. Kabla ya kuhama Peploe aliwafuata wachoraji Manet na Frans Hals: nyuma giza, birika la fedha linang'aa, rangi mbichi juu ya rangi mbichi. Kazi za wachoraji Cézanne na Matisse zilipomwingia, kivuli kikawa rangi kamili: buluu, kijani, zambarau, na umbo likashikwa na mstari mzito. Muuzaji wa picha zake alizikataa hizo mpya Peploe aliporudi 1912!

Toa nyeusi kwenye vivuli. Chora mistari kwa buluu ya Prussia iliyopunguzwa kwa tapentaini, iache ikauke kabisa, kisha jaza rangi ukiishia milimita 2 kabla ya mstari. Weka mara moja, uache. Rangi ya chungwa ikigusa buluu mbichi, ndiyo hayo matope.

Kivuli_Kizota: Tusiionee Edinburgh. Tangu 1905 alikuwa na studio yenye mwanga zaidi, kazi zikaanza kung'aa kabla ya Paris.

Na hilo dirisha ni ushauri wa Ulaya. Dodoma ipo nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Aprili hadi Agosti jua la mchana liko kaskazini, linakuingilia mezani na kivuli cha birika kinahama ungali unachanganya rangi. Tumia la kusini. Novemba hadi Januari ndiyo urudi kaskazini.

Zabibu_Dom: Kumbe! Na ule ukavu wake usiong'aa?

FundiRangi: Jeso, yaani rangi ya msingi ya gundi na chaki, inayonyonya mafuta. Gundi ya ngozi gramu 70 kwa lita 1 ya maji, loweka usiku kucha, pasha bila kuchemsha maana ikichemka inaishiwa nguvu. Ongeza chaki iliyochekechwa mpaka iwe uji mwepesi. Paka safu 4 nyembamba, kila moja ikikatiza iliyotangulia. Usianike juani: kwa ukame wa huku, juu hukauka kabla ya chini, inapasuka. Paka na mgongo wa hadibodi, la sivyo inapinda.

Kivuli_Kizota: Na usiipake kwenye kanvasi. Ikikunjwa tu, jeso inabanduka vipande.