Tupeane uzoefu: katazo la biashara ya wanyama na mimea adimu lilikugusaje?

Karani wa Mizigo
Wakuu, habari za saa hizi. Kwa nini makatazo haya yanawekwa sote tunajua, kwa hiyo hotuba tuziache. Nataka visa: yale yaliyotokea bila mtu kuyapanga.

Naanza mwenyewe. Nilikuwa karani wa mizigo ya ndege. Uamuzi wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea adimu, ukishapita mkutanoni, huanza kutumika baada ya siku 90, na siku hizo 90 naziota mpaka leo. Kuna aina moja ya kobe ilipigiwa kura iingie Kiambatisho I, yaani kuuza nje waliokamatwa porini ndiyo basi tena. Kabla ya kura nilikuwa napokea boksi moja, likizidi sana mawili kwa wiki. Baada ya kura yakapangwa mpaka kwenye njia ya foklifti. Mbao nyepesi, matundu ubavuni, kila kobe kwenye kimfuko chake cha kitambaa. Ukitega sikio unasikia kucha zikikwaruza. Na karatasi safi zote! Kibali kipo, sahihi ipo, nami nagonga mhuri wangu juu ya mihuri ya wenzangu. Miaka ya mbele nikakuta watafiti wameshaliandika kwenye jarida la Nature la 2007, kwamba biashara halali huvimba kati ya tangazo na utekelezaji. Mgongo wangu ulishajua.

Shusheni vyenu.

Mama Kasuku
Mkuu umenikumbusha mbali. Kasuku wa kijivu waliingizwa Kiambatisho I kwa kura ya 2016. Wangu nilipewa na mjomba nikiwa mtoto, bila risiti wala pete ya utambulisho mguuni. Enzi hizo nani aliyetunza risiti ya ndege? Kazi ikanihamishia nchi nyingine, nikaenda kuomba kibali. Nikaambiwa nithibitishe alivyopatikana kihalali. Nikatoa picha: mimi pengo mbele, kasuku begani. Ofisa akacheka, akanirudishia. Picha si hati.

Natoka nje, jamaa mmoja ananifuata polepole, anasema pete na karatasi zinapatikana, ni mimi tu kusema. Yaani mimi wa halali nafungiwa, na mwenye ndege wa wizi anasubiriwa mlangoni apitishwe.

Fundi Klarineti
Mkutano huohuo wa 2016 ulinipitia na mimi. Mpingo na ndugu zake wa jenasi ya Dalbergia wakawekwa Kiambatisho II. Kabla hamjanirukia: najua hilo si katazo, ni vibali. Ila subiri kibali miezi minne huku mteja anauliza kila Jumatatu, halafu uje unieleze tofauti.

Shida yenyewe ilikuwa magogo yanayosafirishwa kwa makontena kwenda kuwa samani za kifahari. Klarineti nzima, zumari langu la mpingo, ukiifungua vipande, inaingia kwenye begi la shule. Wateja wangu wa nje wakahamia plastiki. Aliyeumia kabla yangu ni mzee aliyekuwa akiniletea mpingo wa kuvunwa kwa utaratibu, mti mmoja mmoja umehesabiwa. Alikosa pa kuupeleka. Mwenye magogo ya magendo sijasikia amefunga biashara. Mwaka 2019 wakaviondoa vyombo vya muziki vilivyokamilika kwenye masharti ya vibali, lakini nusu ya wateja hawakurudi.

Doria Mstaafu
Naona mzigo wote mnauelemeza upande mmoja. Mwaka 1979 tembo wa Afrika walikadiriwa kuwa milioni 1.3. Kufika 1989 walibaki kama laki sita. Miaka ile tulikuwa tunaongozwa na tai: wakizunguka, unajua kuna mzoga, na uso wake umekatwa kwa shoka. Katazo la biashara ya pembe za tembo la 1989 lilipokuja, pembe zikakosa mnunuzi. Tulikaa miezi tai wanatua kwenye mizoga ya kawaida. Kwangu mimi ubaya ulikuja kwenye kulegeza: 1999 zikauzwa kwa ruhusa kama tani 50 kwenda Japani, 2008 zaidi ya tani 100 kwenda China na Japani. Pembe ya halali na ya damu zikikaa rafu moja, nani atazitenganisha?

Ila nami nikiri moja. Kijiji cha jirani kilikuwa kinapata mgao wa nyara za wanyama waliokufa wenyewe. Ulipokatika kwa ajili ya katazo, vijana waliokuwa wakitukimbilia kutuambia "kuna nyayo za viatu mtoni" wakanyamaza. Hawakuwa majangili. Walinyamaza tu, na doria bila mdomo wa kijiji ni matembezi.

Mwanafunzi wa Zamani
Shikamoo mzee. Changu ni cha daftari. Mapema miaka ya 1990 mwalimu wetu wa biolojia alituandikisha kwamba kifaru atapona kwa sababu tiba za asili za Kichina zinaweza kutumia pembe ya swala wa saiga badala ya ile ya kifaru. Hakulitunga, wapo wahifadhi waliolipendekeza kwa nia njema kabisa. Saiga walikuwa zaidi ya milioni moja kwenye nyika za Kazakhstan na Urusi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 hawakufika elfu hamsini. Kuanguka kwa Muungano wa Kisovieti nako kulichangia sana, watu walikuwa na njaa na bunduki. Lakini wenye pembe ni madume pekee, basi makundi yakabaki karibu majike matupu, kuzaa kukaporomoka. Daftari lile ninalo bado, na alama ya vema ya wino mwekundu.

Doria Mstaafu
Marahaba. Hiyo ya saiga sikuijua.

Karani wa Mizigo
Mama Kasuku, hujamalizia. Ndege aliishia wapi?

Mama Kasuku
Nilimwacha kwa dada. Dada anasema kila jioni anaigiza mlio wa simu yangu ya zamani, halafu anajiitikia mwenyewe: "Haloo, nani?"