Tupeane uzoefu: staili yako ya kuchora ulipataje?

Jana nimefukua daftari langu la fomu tatu, limejaa macho makubwa ya anime na mikono yote nimeichomeka mifukoni. Nikakumbuka nilivyokuwa najibu watu "ndo staili yangu". Haikuwa staili, vidole vilinishinda. Nyie mlitokaje huko?

Penseli_2B: Mimi niliificha mgongoni, weee umenikumbusha mbali.

Mama_Rangi: Ngoja nilitoe maana limenikaa miaka. 2016 nilipewa oda ya mama wa watu, marehemu, ichorwe kwa ajili ya arobaini, picha yenyewe ya paspoti imefifia. Siku nne nalainisha kivuli kwa kidole, kope nachora moja moja. Nikapeleka. Binti yake akaishika, akaitazama weee, akasema taratibu "dada, huyu siyo mama". Hela akanipa yote, hapo ndo nilipoumia. Nimefika home nikachukua rula, macho nimeyapandisha mno, kumbe ukipima toka utosini mpaka kidevuni macho yanakaa katikati, na miaka sita nachukua hela za watu silijui hilo. Nikaacha oda. Mwaka mzima boksi, tufe, silinda, fuvu la kichwa kila upande, abiria wa daladala nawachora kabla hawajashuka. Staili wala sikuitafuta, mteja ndo aliniambia kazi zako nazijua kwa mikunjo ya khanga.

Kocha_wa_Mistari: 😭😭 hiyo "siyo mama"

Hadibodi: Pole sana dada. Ila boksi na silinda ni mambo ya darasani. Mzee Tingatinga, yule mchoraji wa wanyama, alisoma fuvu wapi? Rangi za kupakia baiskeli na hadibodi, kafariki 1972 na mpaka leo jina lake ndo jina la staili.

Fundi_Brashi: Usimtumie mzee wa watu kutetea uvivu. Kaa na wachoraji wa Tingatinga uone, unajaza rangi ya nyuma kwanza, unasubiri ikauke, ndo mnyama, madoa mwisho, ukiharakisha rangi zinaingiliana. Huo siyo msingi?

Hadibodi: Sijatetea uvivu, nasema msingi siyo mmoja.

Fundi_Brashi: Hapo sawa, ungeanza na hilo.

Kichochoro: Mimi perspektivu, yaani kuchora vitu vya mbali vionekane viko mbali. Nyumba zangu za Mji Mkongwe zilikuwa zinaangukiana mpaka bro mmoja akanambia weka kwanza mstari wa usawa wa macho yako, kingo za juu zishuke, za chini zipande, zikutane kwenye nukta moja hapo. Na kichochoro kikipinda, ukuta ule una nukta yake nyingine.

Penseli_2B: Tupeni raba, choreni kwa biki, mkono utanyooka wenyewe.

Kocha_wa_Mistari: Msimsikilize, raba kaeni nayo, anzeni tu na mistari mepesi. Mama_Rangi, yule marehemu ulimrudia?

Mama_Rangi: Mara tatu. Ya tatu nadhani ni yeye. Namba ya binti ninayo, bado sijapiga.

Hadibodi: Piga dada.